Bomba Lililokaa Juu ya Visima vya Rukanga

Ofisi yetu ya maji pale Voi ilikuwa ndogo, ya mabati, na mimi nilikuwa mwanamke pekee mwenye kazi ya kupima maji. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, miguu yangu bado haijajua kulalamika. Machimbo fulani ya vito upande wa Kasigau yalikuwa yameomba kibali. Mashimo yao yalijaa maji ya chini ya ardhi, nao walitaka kuyavuta kwa pampu, kuyasafisha na kuyamwaga kwenye mto wa mchanga, ule unaotiririka wakati wa mvua tu. Ofisi ilikuwa imewaruhusu waanze kwa majaribio, na wanawake wa kijiji cha Rukanga wakalalamika. Mkubwa wangu aliniambia niende, na nitakachosema ndicho kitakachopita. Nikikataa, machimbo yangefungwa na vijana wakose kazi. Nikikubali ovyo, kijiji kingekosa maji. Nilizungushia chupa zangu magazeti, nikaondoka.

Asubuhi tulitoka Voi kwa Landrova ya serikali. Pale Maungu tuliiacha lami, tukashika njia ya vumbi jekundu, Mlima Kasigau ukiwa mbele yetu muda wote, kilele kimejificha mawinguni. Barabara ile ilinivunja mgongo, na bado naitamani. Hata leo mvua ikigusa vumbi, roho yangu hukimbilia huko.

Mchana tulifika Rukanga. Nilifikia kwa Mama Wakesho, mjane ambaye mwanawe aliendesha pampu huko huko machimboni. Alinipakulia kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, akakaa kuniangalia.

"Mbona unatafuna kama ng'ombe?" akaniuliza.

"Maharagwe ni magumu kidogo, Mama."

"Si kidogo, mwanangu. Nimeinjika tangu asubuhi. Hii maji siku hizi haiivishi kitu."

Mimi ni mtu wa Mgange, huko juu milimani ambako maji hutoka mwambani yakiwa baridi na matamu, wala hatuyashukuru. Nilimeza, nikaona haya.

Kesho yake nilikwenda machimboni. Msimamizi, Bwana Mutua, mtu wa Kitui, alinionyesha mabwawa yake kwa fahari. Maji ya tope yaliingia bwawa la kwanza, yakatiwa shabu, tope likazama, na mwishowe yakatoka yanang'aa. Alikinga kikombe bombani, akanywa.

"Madam, hii ni safi kuliko ya Voi."

Nikaonja. Kwa macho yalikuwa safi, lakini ulimini yalikuwa na chumvi, na vipimo vyangu vikasema vivyo hivyo. Shabu huzamisha tope, chumvi haiigusi, na maji ya chumvi hayaivishi maharagwe. Nilimweleza.

"Lakini huko chini hakuna mtu," akasema. "Ni mchanga tu."

"Basi tutembee huko, Bwana Mutua."

Kwenye kona ya mto tulimkuta Mama Wakesho akitungoja. Wanawake wa pale huchimba visima mchangani, kisha huvifunika kwa miiba na kutandaza mchanga juu yake ili ndovu wasivivuruge. Mpita njia haoni kitu, na ramani ya ofisi yetu pia haikuwa imeona kitu. Mama alifunua kisima kimoja, akateremka akafunua kingine, na kingine. Bwana Mutua alivua kofia.

"Mnafulia wapi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Chini ya wote. Mwenye kuchafua anakaa chini, mwenye kuchota anakaa juu."

"Hata kwetu Kitui iko hivyo." Akageuka kulitazama bomba lake kule juu. "Na mimi nimekaa juu yenu."

"Sijasema ufunge," Mama akajibu. "Mtoto wangu anakula huko. Nimesema ushuke."

Tulikubaliana pale pale juani. Bomba lingerefushwa mpaka chini ya kisima cha mwisho, maji yangepimwa kila mara, na kabla mabomba hayajafika pampu zingenyamaza, vijana wachimbe mtaro na kulipwa kama kawaida. Niliendelea kuufuata mto mwenyewe, nikahakikisha kwamba huko mbele ni nyika tupu.

Alasiri, kabla ya kurudi, nilipima visima vyote. Cha juu kabisa, kilichokuwa karibu na bomba, kilikuwa cha Mama Wakesho. Kilichimbwa na mama mkwe wake.

"Changu?" akaniuliza.

"Chumvi imeingia, Mama. Sijui kama itatoka."

"Vya wengine?"

"Maji yao bado ni matamu."

Alikitazama kisima chake.

"Basi waandikie hiyo kibali," akasema, akapiga magoti na kuanza kukifukia kwa mikono.

Jioni tulirudi Voi. Kibali kilitoka, bomba likashushwa, vijana wakabaki na kazi yao. Niliwapenda watu wale, nami huwakumbuka kuliko watu wengi niliokaa nao miaka. Lakini majaribio yale mafupi, yaliyoruhusiwa kabla hatujapima, ndiyo yaliyokula kisima cha Mama Wakesho. Nimeandika vibali vingi tangu hapo. Sikuweka sahihi hata kimoja kabla ya kwenda kwa miguu kumtafuta mtu wa kwanza chini ya bomba na kumuuliza jina lake.