Eda ya Tumu

Binamu yangu Tumu wa mtaa wa Kuze alikuwa fundi wa vikuba. Asumini, kilua na majani ya rehani vikipita mikononi mwake vilitoka vimefungwa kishada, na bibi harusi akikitia kifuani kilinukia mpaka asubuhi. Ndoa yake mwenyewe na Jaffar, mshona kanzu, ilikuwa ya mapenzi na kicheko, ila mtoto hawakujaaliwa. Mwaka wa sitini na sita Jaffar akafa kwa homa, naye Tumu akakaa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato. Maua yakakoma kuletwa.

Alianza kuhema akipanda ngazi. Huzuni, wakasema. Mishipa ya shingo ikamtutumka. Kulia kwingi, wakasema. Kisha tumbo likaanza kutokeza, na hapo kila mtu akawa daktari. Mama mkwe wake, Bimdogo, alilipapasa mara moja tu, akapiga kigelegele katika nyumba yenye msiba.

“Hii si ndwele,” alisema. “Jaffar amewata mwana nyuma yake!”

Sheria ndivyo ilivyo: mjane mwenye mimba, eda yake huisha akizaa. Basi Tumu akafungiwa upya. Na yeye, niseme kweli, alifurahi kuliko wote. Baada ya miaka ya kuulizwa na kusemwa, sasa alikaa akilishika tumbo kwa mikono miwili, akiongea nalo taratibu. Siku zake zilikuwa hazimjii tena, angedhani nini? Aliposhindwa kulala ila kwa kuketi, alisema mwana ni mkubwa kama babake.

Jirani yetu Marziya ndiye aliyesema apelekwe hospitali.

“Hatoki nde mpaka azae,” Bimdogo akamjibu, na mlango akaubana. Hasira hunipanda nikikumbuka, kwa sababu Mwalimu Zein, aliyesomesha madrasa kichochoro hicho hicho, angewaambia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutoka hata siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Miezi ya kuzaa ikapita, uchungu usije. Miguu ilipojaa maji hata viatu vikakataa kuingia, Bimdogo mwenyewe aliogopa. Nikamtia Tumu kwenye teksi hadi hospitali.

Daktari Tayebali alimgongagonga tumbo kwa kidole, akamsikiliza kifua. Akavaa miwani ya rangi nyekundu na kungoja macho yazoee giza, ndipo tukaingia chumba cha eksirei, mimi nikimshika Tumu asianguke. Kwenye kioo kilichong'aa tuliuona moyo wake unavyokwenda. Kilikuwa kivuli chenye ukingo mweusi mzito, kikitikisika kidogo mno.

“Dada Tumu,” daktari alisema taa ilipowashwa, “moyo ukishapiga sharti ulegee, ujae damu. Wako haulegei. Maradhi ya kifua ya zamani yameuvika ganda, na ganda limekuwa gumu kama chokaa. Damu haipati pa kuingia, inarudi nyuma. Ndiyo maji haya ya tumbo.”

Mimi ndiye niliyeuliza dawa. Akasema Nairobi wako mabingwa wa kulibandua ganda lile, lau angeletwa tumbo lilipoanza tu kuvimba. Sasa moyo umechoka, hautahimili kisu.

Tumu hakuwa akisikiliza hayo.

“Daktari, umeangalia juu tu. Hebu angalia na tini.”

“Tini ni maji, dada.”

“Angalia.”

Daktari alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

Tuliporudi, Bimdogo alikuwa amesimama mlangoni.

“Amesema utazaa lini?”

Tumu alijiegemeza ukutani mpaka pumzi ikamrudia.

“Eda yangu imekwisha, mama,” alisema. “Imekwisha zamani.”