Yule mjinga wa "Mpunga ni Mimi" mnayemwimba harusini ndiye mimi hapa

Wakuu, shikamooni mnaonizidi umri, ingawa humu sidhani kama mpo. Haya ninayoandika ni kweli tupu, sina tena umri wa kudanganya.

Juzi kijana mmoja humu kaandika eti "Mpunga ni Mimi" ulitungwa na mshairi mwenye mapenzi mazito. Nimecheka hadi chai ikanitokea puani.

Mshairi gani!

Miaka ya sabini nilikuwa fundi cherehani pale Makanyagio, Mpanda. Bugaluu za vijana wa mji, zile suruali za miguu mipana, nilizishona mimi, na confidence ilikuwa imezidi akili.

Nikampenda Salome, binti wa Kipimbwe wa kule Kasansa. Nikaenda kujitambulisha kwao. Baba yake akaniuliza kitu kimoja tu: "Kulima unajua?"

"Sana, baba."

Muongo mkubwa mimi! Jembe nilikuwa nalijua kwa sura.

Kesho yake nikapelekwa kwenye jaruba la mpunga, kupalilia pamoja na akina mama. Nikakunja bugaluu, nikaanza kung'oa kwa kasi ili niwaache nyuma. Na kweli niliwaacha.

Sasa wakuu, mpunga mchanga na magugu yake vinafanana mno. Nilikuwa nang'oa mpunga, naacha magugu.

Akina mama hawakunigombeza. Waliniimba! Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia: "Kang'oa mpunga, kaacha magugu!"

Mzee akaja, akalitazama jaruba lake, akaninyooshea kidole njia ya kurudi Mpanda. Nikajua Salome ndo basi tena. Machozi yakanitoka, dume zima limejaa tope.

Ndipo Salome, aliyekuwa anapalilia na akina mama hao, akaudaka wimbo uleule:

"Kang'oa mpunga, kaacha magugu,
mwacheni aning'oe, mpunga ni mimi!"

Vigelegele vikalipuka, kazi ikasimama. (Wimbo ulipoenea, bendi moja ya mjini ikaokota kibwagizo, ikakiwekea gitaa la taratibu, nyie mkaanza kukililia.)

Mzee alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Akaniambia, "Haya, huyu mmoja mng'oe. Ila shambani kwangu usikanyage tena."

Funzo: vijana, ukweni ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Mimi niliokolewa na Salome, na Salome nimeshamuoa.

Haya, nichekeni, halafu na nyie semeni mlivyoumbuka ukweni.