Povu Kwenye Keki ya Mama Mkwe

Nimewahi kumwangalia mama mkwe wangu akipeleka mdomoni povu la kunyolea ndevu, kwa kijiko, mbele ya ukoo mzima. Na nikampiga picha.

Mmesoma vizuri. Povu. Lile la kopo, la kupaka kidevuni kabla ya wembe.

Picha yenyewe imetoka safi kuliko picha zote nilizopiga maishani. Hadi leo siwezi kuiangalia mara mbili.

Ngoja niwasimulie ilivyokuwa. Mkimaliza kusoma mnitukane taratibu, maana nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Mimi ni mpiga picha. Nina kamera moja, stendi ya miguu mitatu na taa mbili. Kule ukweni kazi yangu ilikuwa inaitwa kubonyezabonyeza. Mtu akiuliza nafanya nini, wifi yangu anajibu, "Yupo tu, anabonyezabonyeza."

Wifi huyo ni dada mkubwa wa mume wangu. Ana duka la keki, na mkono wake kwenye keki ni mzuri, hilo sitamnyima. Lakini ubahili wake jamani. Karatasi ya kuokea anaipangusa anaitumia tena. Akivunja yai, anaingiza kidole kwenye ganda akwangue ute uliobaki. Nimemwona kwa macho yangu.

Mwaka jana akaamua kutengeneza kitabu cha picha za keki zake, wateja wawe wanachagulia humo. Akaniita mimi. Mbonyezaji.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema safari hii wakwe watanijua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jioni yake, saa kumi, kulikuwa na shughuli nyumbani kwa mama mkwe. Alikuwa ametoka hospitali wiki tatu nyuma, kafanyiwa upasuaji wa tumbo, na daktari ndiyo kwanza amemruhusu kula kama watu wengine. Familia ikakubaliana imfurahishe kwa keki. Wifi akasema keki ataleta yeye.

Hilo la tumbo mlikumbuke.

Basi asubuhi nimepanga vyombo vyangu jikoni kule dukani. Meza, kitambaa cheusi, taa mbili, kamera juu ya stendi.

Hapa mnivumilie niwafundishe kidogo. Kamera yangu ni ya zile zenye kioo ndani. Ukiweka jicho kwenye kidirisha cha juu na kubonyeza, mambo ni chapuchapu. Ila kuna kupiga kwa laivu. Kile kioo kinanyanyuka, unaona kila kitu kwenye skrini ya nyuma kama simu.

Wifi alitaka laivu. Alitaka asimame mgongoni kwangu aione keki kabla sijabonyeza.

"Nataka nione unachokiona," akasema. "Usije ukanipigia upande uliobonyea."

Sasa kamera yangu kwenye laivu ni nzito ajabu. Unabonyeza, skrini inazima, kioo kinashuka klap, lenzi inakwenda mbele inarudi nyuma ikitafuta fokasi, yaani ikijipima mpaka picha itoke kwenye ukungu, kioo kinapanda klap, ndiyo picha inapigwa. Halafu picha hiyo inaganda kwenye skrini, huwezi kufanya lolote mpaka iondoke.

Na taa zangu zina joto. Keki ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya ghorofa mbili, imepakwa krimu. Kabla lenzi haijaamua iangalie wapi, krimu ikaanza kuteleza.

Wifi akaitengeneza. Nikabonyeza. Klap. Ikateleza tena.

Mara ya tano akaniuliza, "Wifi, hii kamera inapiga picha au inasinzia?"

Jasho likanitoka. Niliona heshima yangu inayeyuka pamoja na ile krimu.

Ndipo nikasema maneno ambayo natamani ningeyameza.

"Wapiga picha wa matangazo wengine hawatumii krimu. Wanatumia povu la kunyolea. Lile haliyeyuki ovyo."

Lilikuwa wazo langu. Naomba liandikwe hivyo.

Wifi akaingia bafu la dukani, akatoka na kopo. Lilikuwa la marehemu baba mkwe. Enzi za uhai wake alikuwa akishinda pale dukani na vifaa vyake vya kunyolea viko kabatini. Mzee ana mwaka mzima kaburini, kopo lake halijatupwa. Ndivyo alivyo wifi.

Tukakwangua krimu ya ghorofa ya chini, tukajaza povu. Wifi akalichora maua kwa kifaa chake, likasimama wima. Juu yake nikapuliza dawa ya nywele, ile ya kugandisha mtindo, lisitikisike. Wakati naigeuza keki, kidole gumba changu kikazama pembeni, kikaacha shimo. Tukalielekeza nyuma, picha ikapigwa.

Jiko zima lilinuka kinyozi.

"Hii ni ya kutupa," nikamwambia. "Isiguswe na mtu."

"Kwani mimi mtoto?"

Pipa la taka lilikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Ningeweza kuitupa kwa mikono yangu mwenyewe. Sikuitupa, nilikuwa nahangaika na kamera.

Nikatoka nje nikampigia simu mwalimu wangu, mzee mmoja wa studio ya picha za vitambulisho, tunamwita Klap. Nilipofika kwenye habari ya povu akacheka mpaka akakohoa.

"Povu la nini, binti? Wewe ndiye mzito, keki haina kosa. Kwanza zima fokasi inayojitafuta yenyewe. Weka boksi tupu pale keki itakapokaa. Kuza skrini mara kumi, zungusha lenzi kwa mkono mpaka maandishi ya boksi yasomeke. Bandika utepe mezani uwe alama ya pale boksi lilipo, na lenzi usiiguse tena. Na zima ile picha inayoganda baada ya kupiga. Keki ije mwisho, kila kitu kikiwa tayari."

"Basi?"

"Basi. Kila kitu kiandae kabla hakijatokea. Kikitokea, unabonyeza tu."

Nilifanya alivyosema. Keki kumi na moja zilizobaki nilizimaliza ndani ya saa moja, zote na krimu ya kweli, hata moja haikuteleza. Wifi alisimama nyuma yangu anaangalia skrini. Mwisho akanipiga bega.

"Leo umenitoa kimasomaso."

Wallahi nilikwenda nyumbani kuoga nikiwa naimba.

Saa tisa na nusu niko sebuleni kwa mama mkwe, nimesimamisha stendi yangu mbele ya meza. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akawaambia wageni, "Huyu ndiye mpiga picha wetu." Mpiga picha wetu. Nilijiona nimerefuka.

Wifi akaleta keki, akaifunua. Nyeupe, ghorofa mbili.

Nikajiambia keki nyeupe ziko nyingi.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Kabla mama hajaingia, nikakuza skrini mara kumi niweke fokasi pembeni mwa keki, pale mkono wake utakapofika. Nikazungusha lenzi taratibu. Picha ikatoka kwenye ukungu, ikasafika.

Shimo la kidole gumba. Changu.

Na pembeni yake povu limejaa vitundu vidogo vidogo, na juu yake dawa ya nywele imekauka inang'aa.

Nikamfuata wifi mlangoni, nikamnong'oneza, "Ile keki umeileta huku?"

"Nimelikwangua juu juu, nimepaka krimu yangu. Huko chini pembeni limebaki kidogo tu."

"Wifi, ni povu."

"Mayai kumi na mawili yamo mle, nitupe? Dawa ya mswaki nayo si povu? Nani kafa?"

"Mama ana mshono tumboni."

Akanitazama usoni, bila haya, bila chochote.

"Basi nenda kamwambie. Na umwambie wazo lilikuwa la nani."

Nilimchukia pale pale. Nilichukia ule uso wake na vidole vyake vya kukwangua maganda. Halafu nikarudi kwenye stendi yangu, nikasimama. Ndicho nilichofanya. Nilisimama.

Mama mkwe akaingia na gauni jipya linalompwaya, mkono mmoja ukiugusa ukuta. Akaketi palepale nilipoweka alama.

"Msile kwanza," akawaambia watu. "Leo mgonjwa anaanza."

Wakacheka. Wifi akaelekeza kisu ghorofa ya juu.

"Ya chini, mwanangu," mama akasema. "Pale penye krimu nyingi."

Mkono wa wifi ukasita, kisha ukashuka. Akakata.

Mimi naona yote kwenye skrini. Kijiko kikachota. Kikapanda. Mdomo ukafunguka. Nilikuwa na muda wa kusema Mama, acha. Nilikuwa na muda wa kuangusha hata stendi.

Nikabonyeza.

Hakuna kutafuta fokasi, hakuna kusubiri. Kijiko, mdomo, povu, vyote safi. Nilikuwa mwepesi siku hiyo kuliko siku zote.

Mama akatafuna polepole. Akajifuta mdomo kwa kitambaa chake.

"Ina harufu ya baba yenu," akasema.

Shangazi mmoja akaanza kufuta machozi, anasema ndiyo mapenzi hayo, mtu hasahau.

"Nani anajua kwa nini keki ina harufu ya baba yenu?" mama akauliza.

Akamtazama wifi.

"Labda vanila, Mama. Nimebadilisha vanila."

Kisha mama akaitazama kamera, moja kwa moja, macho yake yakajaa kwenye skrini yangu. Akachota kijiko cha pili. Akajifuta mdomo.

Kidole changu hakijatoka kwenye kitufe.

Cha tatu. Akajifuta tena. Ndipo sauti ikanitoka.

"Mama."

"Unasemaje, mwanangu?"

Watu wote wamenigeukia. Wifi amekunja mikono kifuani. Shemeji anatabasamu, mpiga picha wetu anataka kusema neno.

"Kaa hivyo hivyo, Mama," nikasema. "Umetoka vizuri."

Nikapiga nyingine.

Nikikumbuka sentensi hiyo najisikia kinyaa kuliko povu lenyewe.

Mama akaweka kijiko chini, akasema amechoka, keki ifunikwe, asiile mtu mpaka atakaporudi. Kisha akaniita. "Njoo na kamera yako chumbani."

Akafunga mlango mwenyewe, akaketi kitandani. "Nionyeshe ulivyonipiga."

Nikamwonyesha. Akaiangalia picha ya kijiko cha kwanza kwa muda.

"Mara zote huwa unatuchelewesha," akasema. "Tunasimama mpaka miguu inauma. Leo umekuwa mwepesi."

Nikaishusha kamera.

Akachukua kile kitambaa chake cha kujifutia, akakifungua mapajani. Ndani mlikuwa na matonge matatu meupe, yamelowa mate, yananuka kinyozi.

Hakuwa amemeza hata moja.

"Nimekaa na yule mzee miaka arobaini," akasema. "Kila asubuhi alikuwa anakuja kunibusu na povu limebaki chini ya sikio. Wewe unadhani nisilijue?"

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote: wazo langu, kopo, kidole, pipa nililoliacha. Nikamwambia na aliyoyasema wifi mlangoni.

Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Yule nimemzaa mimi," akasema. "Namjua. Kutupa kitu hawezi, hata kama kitamuua mama yake. Hakunishangaza."

Akakunja kitambaa, akanikabidhi mkononi.

"Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Niliiona sura yako nyuma ya ile kamera, nikasema huyu anajua, atasema. Vijiko vitatu, mwanangu. Nimekusubiri vijiko vitatu."

Jamani. Bora angenizaba kofi.

Nilitoka chumbani na kile kitambaa mkononi, nikasimama katikati ya sebule nikawaambia wote, kuanzia na sehemu yangu. Hakuna aliyekuwa ameila ile keki, isipokuwa shemeji, ambaye alikuwa amelamba kisu. Alikimbilia uani, tukamsikia akitapika.

Wifi alichukua mkoba wake akaondoka. Hajasema samahani mpaka leo, na kitabu chake cha keki kimetoka. Ukurasa wa kwanza kuna keki nyeupe ya ghorofa mbili, maua yake yamesimama wima. Wateja wanaisifia hiyo kuliko zote. Nikiona mtu anaishika ile picha kwa kidole na kusema nataka kama hii, natoka nje.

Siku hizi nami nafundisha wanaoanza. Nawaambia zimeni fokasi inayojitafuta yenyewe, kuzeni skrini, wekeni alama mapema, mtakuwa wepesi kwenye laivu mpaka mjishangae. Na kabla hawajaondoka nawapa la mwisho, ambalo mwalimu Klap hakunifundisha: ukiona kwenye skrini mtu anaumizwa, mkono utoe kwenye kitufe, fungua mdomo kwanza. Ukingoja wakati mzuri wa kusema, utakuta umeshapiga picha mbili.

Mama mkwe amepona vizuri. Huwa anakuja kwangu kula. Namwekea chakula mbele yake, anakitazama, ananitazama mimi.

"Hiki kimepigwa picha?" ananiuliza.

"Hapana, Mama."

Anasubiri kidogo, kama mtu anayenipa nafasi ya kuongeza neno. Kisha anachukua kijiko.