Diari ya kufuli

Juzi, kwenye duka la vitabu hapa Kondele, mama mmoja aliitisha diari yenye kufuli.

"Mama, unamficha nani?" muuzaji akamtania.

"Sifichi mtu. Baba watoto nikiongea hasikii. Lakini akiona kufuli, atasoma mpaka mwisho. Funguo ziko ngapi?"

"Mbili."

"Sawa. Moja nitaisahau kwa koti yake," alisema, akivuta kile kikufuli kuona kama kinashika.

Tunaambiwa diari ni ya mtu kuzungumza na nafsi yake, na mimi huandika yangu kila siku kwa imani hiyo. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza tu, diari yangu siku hizi nimeihamishia wapi.