Kifuniko cha Pili

Jiwe la kukalia la Rosebella lilijulikana mtaa mzima wa Kianda. Akifunga kazi analiacha penye kona ya ukuta, na hata mlevi alijua kwamba hapo pana mwenyewe. Tangu mumewe Oyoo afariki, mandazi ya kona hiyo ndiyo yaliyomlisha yeye na bintiye Marion. Basi asubuhi alipomkuta mwanamke mgeni amelikalia jiwe lake, karai la mafuta likichemka, moyo ulimlipuka.

"We mama, toka! Hii kona ni yangu, uliza mtu yeyote."

"Woi, pole Mama Marion," akasema Akoth, mpangaji mpya wa ploti ya jirani. "Mimi niliona ni jiwe tu."

Akoth alisogea hatua chache, akawasha jiko pale pale. Rosebella akaingiwa na hofu, tena hofu ya kweli: wateja wakihama, atakula nini? Siku hizo alikaanga huku macho yakiwa kwa mwenzake. Kila kijana wa kibarua cha mjengo aliyesimama kwa Akoth alimuuma rohoni. Mandazi yakawa yanaungua karaini mwake, na wateja wakayarudisha.

Nyumbani alikuwa na mazoea ya kuweka makombo kwenye kifuniko cha ndoo, juu ya pipa la maji. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na shomoro dume mwenye kidevu cheusi alikuwa amejenga kiota chini ya mabati. Ndege yeyote akitua kwenye kifuniko, huyo bwana anamrukia, anamfukuza hadi kwenye nyaya za stima, anarudi mbio kumfukuza mwingine. Rosebella alikuwa akimcheka. Jioni moja, akiwa na mandazi meusi yasiyouzika mapajani, alimtazama mpaka makombo yakalowa mvua. Shomoro mwenyewe hakuwa amedonoa hata moja.

"Kumbe tuko wawili," akamwambia, na haya zikamshika akiwa peke yake.

Akachukua kifuniko kingine, akakiweka nyuma ya nyumba, mahali ambapo shomoro yule hakuweza kuona. Wengine wakahamia huko. Yule dume akaduwaa kidogo, akageuka huku na huku, kisha akaanza kula.

Kesho yake Rosebella aliokota jiwe la pili, akalibeba kwa mikono miwili hadi upande mwingine wa ukuta.

"Akoth, hapa ni pako. Wanaotoka mtaa wa Olympic wanapitia huku. Kaa, mradi tu nisikuone."

Akoth alicheka, akahamisha jiko.

Asubuhi hiyo mandazi ya Rosebella yaliiva vizuri, rangi ya kupendeza. Lakini upande wa pili kulikuwa kimya, na kimya kile kilimsumbua. Akachungulia, akamwona Akoth akikaanga. Akarudi kukaa. Baadaye akachungulia tena, na safari hii alikuwa amebeba vikombe viwili vya chai.