Wale Niliowaandika Wamepona

Nakumbuka, mwanangu unayeanza uuguzi, siku nilizojiona muuguzi hodari kuliko wote Kindu. Ilikuwa enzi za Zaire, kazini nilikuwa mgeni, na maringo yangu hayakuwa na mfano. Daktari wetu alitaka kujua dawa ipi inaponya donda ndugu vizuri zaidi: pomadi mpya ya kupaka iliyotoka Kinshasa, au desturi ya zamani ya kuosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukifunga kila siku. Mgonjwa mmoja alipewa hii, anayemfuata ile, nami nikaandika matokeo katika kaye, daftari letu. Dawa itakayoshinda ingeagizwa kwa zahanati zote za upande wetu.

Moyo wangu ulikuwa kwa pomadi. Ilinukia vizuri, nami niliisifu kwa kila mgonjwa. Wa pomadi asiporudi, niliandika "amepona". Kwani aliyepona arudi kufanya nini?

Papa Amisi, muuguzi mzee aliyetufundisha kazi, aliisoma kaye ile, kidole kikasimama kwenye jina la Mama Feza wa Kibombo.

"Huyu mama, weye uliona mguu yake?"

Nikasema hapana, hakurudi.

"Basi nani alikuambia amepona? Muntu haponi ndani ya kaye. Kwenda umutafute, na wengine wote, mbele munganga atume karatasi ya kuagiza dawa." Alimaanisha kabla daktari hajaituma.

Nilinuna, nisikufiche. Lakini nilipanda treni hadi Kibombo, nikauliza njia. Nilimkuta Mama Feza ameketi kando ya mpunga wake ulioanikwa, mguu umenyooshwa juu ya gunia. Harufu ilinipokea kabla yake. Kidonda kilikuwa kimekaribia mfupa.

"Ile dawa ilikuwa inaniunguza," akasema taratibu. "Niliona haya kukuambia, juu ya vile ulikuwa unaisifu sana."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hiyo mficha maradhi nilikuwa mimi, na aliyekaribia kuumbuliwa ni mama wa watu. Nililia mbele yake bila aibu. Kisha nikafuta machozi, nikamrudisha Kindu, nikamwosha kwa chumvi kila siku mpaka nyama mpya ikaota. Mguu ulibaki wake, ingawa anachechemea.

Na wale wengine niliwafuata mmoja mmoja, kwa miguu na kwa baiskeli ya kuazima. Wengi walikuwa wameungua vilevile. Mmoja nilionyeshwa kaburi lake. Nikakata kila "amepona" ya uongo kwa mkono wangu, nikaandika nilichokiona, nikampelekea daktari. Pomadi haikuagizwa.

Mwanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukilinganisha dawa na dawa, mtafute kwanza asiyerudi, hasa yule wa dawa unayoipenda. Usimsifie mgonjwa dawa mpaka ashindwe kukuambia inamuumiza. Na ukikosea, sahihisha mwenyewe, hata kama jina lako litachafuka. Mungu akupe moyo usiochoka kutafuta, na wagonjwa wako wakuambie kweli bila kukuogopa. Amina.