Kitambaa ya Mama Kaswera

Mama Kaswera, jirani yangu wa mtaa wa Bigo kule Bunia, aliuzisha samaki ya chumvi tangu ujana wake. Siye mama wa kundi ya wauza samaki tulikodi naye kamiyo ya mizigo kutoka Kasenyi, kando ya ziwa, kila mutu amefunga kitunga yake na kipande ya kitenge yake, ili wanunuzi wa Bunia wamujue mwenyewe.

Siku moja ya 1983, mbele ya kupakia, prezida mupya wa kundi yetu, Vahwere, alishika kisu.

"Kuanzia leo samaki ni ya kundi, na feza tutagawana sawasawa. Tunakata vitambaa yote. Asiyekubali, atoke!"

Nilimutuliza mutoto mugongoni, nikamutazama Kaswera. Mujane yule akitolewa, atapanda kamiyo ya nani?

"Vahwere, mwanangu," akasema, "kisu inakata kitambaa, haikati roho. Samaki ikioza, nani atajibu?"

"Unaogopa mabadiliko, mama!"

"Naogopa uvivu."

Kisha akafungua kitambaa yake ya bluu, akafunga nayo kitunga ya Vahwere.

"Samaki ya kwako ikioza, wanunuzi watasema ni ya Kaswera. Na weye, funga kitunga ya mwenzako na kitambaa yako, kila mutu ajibu kwa mwenzake."

Vahwere aliigusa ile bluu. Akaweka kisu chini, akafungua kitambaa yake, akainamia kitunga yangu kuifunga.